Niliondoka maabara, sauti za watu zimebaki kwenye diski yangu

SWALI

Ndugu washauri, salaam.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya kazi kwa miaka miwili kama mtafiti msaidizi katika maabara ya chuo inayochunguza sauti na usemi kwa upande wa sayansi ya tiba. Nilirekodi watu 64, nusu yao wana ugonjwa wa Parkinson na nusu ni wazima. Kila mmoja alitamka irabu "a" kwa pumzi moja, mara tatu, kisha akasoma aya fupi. Nikapima masafa ya msingi (nyuzi sauti zinapiga mara ngapi kwa sekunde), jita (muda kati ya pigo na pigo unavyoyumba) na shima (nguvu ya mapigo hayo inavyoyumba) kwa Praat, programu ya kuchambua sauti, nikitumia skripti, yaani faili ya amri, niliyoiandika mwenyewe. Nilihitimu, nikaondoka, na huu ni mwaka wa tatu niko kwenye kazi nyingine kabisa.

Mwezi uliopita mwanafunzi mpya wa maabara ile aliniandikia. Amepima upya rekodi zangu na namba hazilingani. Mshiriki nambari 17, mwanamume, kwangu alikuwa na hezi 112. Kwake ametoka na hezi 56. Jita za wengine wengi zinamtokea kama mara tatu ya zangu. Anaomba skripti, na anauliza kama ninazo rekodi za mwanzo, maana kwenye kompyuta ya maabara baadhi ya faili hazifunguki. Ninazo. Nilizinakili kwenye diski yangu ya nje nilipokuwa namalizia tasnifu nyumbani, na sikuwahi kuzifuta.

Katika mazungumzo hayo hayo nikafahamu kwamba makala inaandikwa kutokana na data ile, na jina langu limewekwa kwenye shukrani tu. Nimeumia. Nikitoa skripti, naona nimetoa kitu cha mwisho kilichobaki mkononi mwangu. Nikinyamaza, nitaonekana naficha makosa. Tena miezi michache ijayo nataka kuomba nafasi ya shahada ya pili, na barua ya mapendekezo inabidi itoke kwa profesa huyo huyo. Nianzie wapi?

Mtafiti wa zamani


JIBU

Ndugu Mtafiti,

Anza na diski. Rekodi zile si zako, wala si za mwanafunzi anayeziomba. Ni sauti za watu 64 waliosaini fomu ya ridhaa wakiwa wameelezwa nani atawasikiliza na sauti zao zitatunzwa wapi, na ni nadra sana fomu kama hiyo kutaja diski iliyo nyumbani kwa mtu. Wewe hukuwa na nia mbaya. Wanafunzi wengi wanaomalizia tasnifu hujikuta hapo. Lakini kila siku inayopita ukiwa unajua unazo na msimamizi wako hajui, jambo linazidi kuwa gumu kulieleza.

Usizifute kimya kimya. Huenda ndizo nakala pekee nzima zilizobaki duniani, na wagonjwa wale hawawezi kurudishwa miaka mitatu nyuma wakarekodiwa upya, Parkinson haisubiri. Usimtumie mwanafunzi moja kwa moja pia, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwa sababu hujui kama jina lake limeongezwa kwenye kibali cha kamati ya maadili. Mwandikie profesa, umweleze unacho nini, na uulize zipitie njia gani. Barua pepe haifai kwa kusafirishia faili za namna hii, wala hifadhi ya mtandaoni ya binafsi. Chuo huwa na sava yake, au utapeleka diski iliyosimbwa kwa mkono wako, na nywila uitume kwa njia nyingine.

Kabla ya kukabidhi, tengeneza orodha: jina la kila faili, ukubwa, tarehe, na alama ya SHA-256. Alama hiyo ni mfuatano wa tarakimu na herufi 64 unaokokotolewa kutoka ndani ya faili. Biti moja ikibadilika, mfuatano wote hubadilika. Wao wakokotoe upya upande wao na walinganishe. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo itakayowawezesha wewe na wao kusema kwa uhakika kwamba kilichotoka kwako ndicho kilichofika.

Sikiliza pia sekunde kumi za mwanzo za kila rekodi. Baadhi ya maabara zina desturi ya mtafiti kutaja jina la mshiriki na tarehe kabla ya kuanza, na hapo msimbo "P17" kwenye jina la faili unakuwa hausaidii kitu. Ukikuta hivyo, usikate chochote. Andika kwenye orodha ili maabara ikate yenyewe na kuweka kumbukumbu. Hata bila jina, sauti inamtambulisha mwenyewe. Kanuni za Marekani za faragha ya taarifa za afya, HIPAA, zimeweka alama ya sauti katika orodha yao ya vitambulisho 18, pamoja na alama za vidole. Kama una jedwali linalounganisha misimbo na majina, hilo likabidhiwe peke yake, lisikae folda moja na rekodi.

Subiri jibu la maandishi kwamba wamepokea na alama zimelingana. Ndipo ufute: diski ya nje, folda ya vipakuliwa, nakala rudufu inayojifanya yenyewe, simu kama uliwahi kusikilizia humo, na viambatisho ulivyojitumia. Kumwaga pipa la taka hakutoshi. Kama diski nzima ilikuwa imesimbwa, kuharibu ufunguo wake kunatosha; kama haikuwa, uliza idara ya kompyuta ya chuo namna wanayoikubali.

Sasa namba, maana tunahisi hapo ndipo panapokuuma zaidi. Kwa maelezo uliyotoa hatuoni dalili kwamba ulipima vibaya. Tunaona dalili ya vipimo viwili vilivyofanyika kwa mipangilio miwili tofauti.

Mtazame mshiriki 17. Hezi 56 ni nusu kamili ya 112. Programu inatafuta wimbi linajirudia baada ya muda gani, na wimbi linalojirudia kila milisekunde 8.9 linajirudia vilevile kila milisekunde 17.9. Kuangukia nusu, au kuruka maradufu, ni kosa la siku zote katika kazi hii. Kinacholizuia ni mipaka unayoiwekea programu: ukiweka mpaka wa chini hezi 75, jibu la 56 haliwezi kutoka kabisa. Kwa miaka mingi Praat ilikuwa inakuja na mpaka huo wa 75. Kuanzia toleo la 6.4, usipochagua kitu, inatumia njia mpya ya otokorelesheni iliyochujwa (otokorelesheni ni kulinganisha wimbi na lenyewe likiwa limesogezwa), yenye mipaka ya 50 hadi 800. Pengine mwanafunzi amefungua programu mpya, hajagusa mipangilio, na 56 imepata mlango. Mpaka wa chini unabeba na kitu kingine ndani yake: kwa njia ya zamani, dirisha la uchambuzi, yaani kipande cha sauti kinachotazamwa kwa mara moja, lina urefu wa mapigo matatu ya mpaka huo, yaani milisekunde 40 ukiweka 75, na milisekunde 60 ukiweka 50. Kwa hiyo hata rekodi ambayo haikuangukia nusu inaweza kutoa namba tofauti kidogo.

Lakini usikimbilie kutangaza kwamba 112 ndiyo sahihi. Fungua rekodi, vuta karibu hadi uone milisekunde mia moja hivi kwenye skrini, na uangalie vilele vya mapigo. Vikifuatana vikiwa sawa, 56 ni kosa la programu na suala limekwisha. Vikipishana, kikubwa-kidogo-kikubwa-kidogo, basi nyuzi sauti zenyewe zinajirudia kwa jozi, jambo linalotokea kwenye sauti zenye ugonjwa, na hapo namba zote mbili zina asili yake ndani ya wimbi. Ukisikiliza utasikia mkwaruzo, kama sauti mbili zinazosuguana. Rekodi ya namna hiyo haifai kupimwa jita wala shima hata kidogo. Mtafiti wa sauti Ingo Titze, mwaka 1995, alipendekeza ishara za sauti zigawanywe aina tatu, na vipimo hivi vinaaminika kwa aina ya kwanza tu, ile inayokaribia kujirudia sawasawa. Ikiwa wewe uliipima na kuiweka kwenye jedwali, sema hivyo wazi, itolewe. Kuwatambua wote walio hivyo miongoni mwa wagonjwa 32 kutaipa makala nguvu zaidi kuliko kutetea jedwali la zamani.

Jita mara tatu nayo ina maelezo ambayo pengine yatakushangaza kwa wepesi wake. Praat haitoi jita moja, inatoa kadhaa, na miongoni mwake kuna rap na ddp. Kwa ufafanuzi wake, ddp ni rap mara tatu. Upande wa shima ni hivyo hivyo: dda ni apq3 mara tatu. Gawanya namba zake kwa zako, mshiriki kwa mshiriki. Uwiano ukitoka 3.00 kila mara, mwanafunzi amesoma mstari mwingine wa ripoti, basi. Mkikuta mahali uwiano ni 100, mmoja wenu ameandika asilimia na mwingine ameandika sehemu: ripoti ya sauti huonyesha 0.62%, lakini amri ya kupima jita ndani ya skripti hurudisha 0.0062.

Uwiano ukiwa unayumba, mara 2.4, mara 3.7, hapo mtafute kwingine. Cha kwanza ni kipande kilichopimwa. Mwanzo na mwisho wa irabu ni mahali nyuzi sauti zinajipanga au zinaachia, na jita hupanda mno. Aliyepima sekunde mbili za katikati na aliyepima irabu nzima hawawezi kukutana. Cha pili ni faili zenyewe. Kama kuna mtu aliwahi kuzibana ili kuokoa nafasi, vipimo vya pigo kwa pigo vimeharibika. Rekodi ya WAV ya chaneli moja, sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takribani megabaiti 5.3 kwa dakika. Ukikuta dakika moja ina megabaiti moja tu, imebanwa. Angalia pia spektogramu, yaani picha inayoonyesha masafa yaliyomo ndani ya sauti, kwa sababu faili ya MP3 iliyorudishwa kuwa WAV hurejea ukubwa wake lakini haiurejeshi uhai wake: MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi huonyesha weusi unaokatika ghafla, kama kwa rula, karibu na hezi 16,000. Hapa ndipo nakala zako za mwanzo zinapokuwa na thamani kubwa kuliko ulivyodhani.

Ili msizunguke, chagueni rekodi kumi, mshiriki 17 akiwemo. Praat ni faili moja tu inayojitegemea, kwa hiyo toleo la zamani linaweza kukaa pembeni ya jipya bila kugombana. Mwanafunzi aendeshe skripti yako kwenye toleo lako. Namba zikirudi zile zile za tasnifu, kazi yako imethibitika. Kisha abadilishe kitu kimoja, apime, aandike, arudishe, abadilishe kingine. Wanaobadilisha toleo, mipaka na kipande kwa mara moja hawajui kamwe ni kipi kilicholeta tofauti. Mkishakubaliana mipangilio, irabu ziko 192. Apime upya takribani 40 mtu mwingine asiyejua nani mgonjwa nani mzima, na mkokotoe ICC, kipimo cha makubaliano kati ya wapimaji.

Kwa hiyo skripti itoe. Tunaelewa unavyoiona, lakini skripti iliyofichwa haimpi mtu uandishi wa makala, inaacha tu shaka ikae juu ya jina lako. Kabla ya kuituma, ondoa majina ya washiriki yaliyojificha kwenye njia za folda, weka jina lako na tarehe juu kabisa, na uambatishe maelezo mafupi ya namna hii:

"Praat toleo … (namba kamili). Njia: krosikorelesheni. Mipaka: wanaume hezi 75–300, wanawake hezi 100–500. Kipande: sekunde 2 za katikati, utamkaji wa pili. Jita: rap, kwa asilimia. Pigo fupi sekunde 0.0001, refu sekunde 0.02, kizidishi cha juu 1.3. Rekodi zilizoachwa: … na sababu."

Jaza ulivyofanya wewe kweli, hata kama sasa ungefanya vingine. Usipokumbuka kitu, andika "sikumbuki" badala ya kubahatisha. Mwenzako atapoteza wiki nzima akifuata kumbukumbu iliyoteleza.

Kuhusu jina lako kwenye makala, una hoja nzuri kuliko unavyofikiri, ila ina muda wake. Majarida mengi ya tiba hufuata mapendekezo ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, yenye masharti manne, na mwandishi anapaswa kuyatimiza yote: mchango mkubwa katika kubuni utafiti, au kukusanya, kuchambua au kufasiri data; kushiriki kuandika au kuipitia rasimu kwa kina; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Sharti la kwanza umelitimiza: ulirekodi, ukapima, ukaandika skripti. Matatu yaliyobaki huwezi kuyatimiza kama hujaonyeshwa rasimu, na mapendekezo hayo hayo yanasema masharti yasitumike kumzuia mtu anayestahili kwa kumnyima nafasi hiyo; aliyetimiza la kwanza apewe fursa ya kushiriki mengine. Kwa hiyo usiombe jina, omba rasimu. Na ukipewa, ifanyie kazi kweli: sehemu ya mbinu hakuna anayeweza kuiandika vizuri kuliko wewe.

Taja michango yako kwa majina ambayo majarida yanayatumia. Mfumo wa CRediT, wa kuainisha michango ya waandishi, una majukumu 14, na wewe una angalau manne: kukusanya data, kuitunza, kuandika programu na kufanya uchambuzi. Barua yenyewe iwe fupi, iende kwa profesa peke yake, na malalamiko yabaki nje:

"Profesa, shikamoo. Nimewasiliana na mwanafunzi wako kuhusu rekodi za washiriki 64. Naambatisha skripti na maelezo ya mipangilio. Tofauti ya namba nadhani imetokana na toleo la programu na aina ya jita, na niko tayari kukaa naye tuihakiki. Pia nimegundua bado nina nakala za rekodi za mwanzo kwenye diski yangu. Nilipaswa kuzikabidhi nilipoondoka, naomba radhi. Naomba unielekeze njia ya kuzirudisha, kisha nitafuta nakala zangu. Nimesikia makala inaandaliwa. Nilikusanya data, nikaitunza, nikaandika skripti na kufanya uchambuzi wa kwanza. Ningependa kushiriki kuandika sehemu ya mbinu na kuipitia rasimu, na kuwajibika kwayo kama mwandishi mwenza. Naomba tuzungumze kabla haijapelekwa jaridani."

Neno "kabla" hapo ndilo lenye uzito. Kuongeza jina baada ya makala kuwasilishwa kunadai maelezo kwa mhariri na sahihi za waandishi wote. Baada ya kuchapishwa ni vigumu mara kumi. Nafasi ya jina lako katika mpangilio usiitaje sasa.

Asipojibu kwa siku kumi, mkumbushe kwa sentensi mbili. Akikataa, uliza sababu kwa maandishi na kwa adabu. Mhariri wa jarida hatawaamulia. ICMJE inaliacha suala hilo kwa taasisi ambako utafiti ulifanyika, kwa hiyo mlango unaofuata ni ofisi ya utafiti ya chuo. Na hata wakisema shukrani tu, ICMJE inawashauri wahariri wadai idhini ya maandishi ya anayeshukuriwa, kwa kuwa kutajwa huko kunaweza kuonekana kama ameyakubali matokeo. Usitoe idhini hiyo kabla ya kusoma makala.

Barua ya mapendekezo iombe kwa ujumbe mwingine, wiki kadhaa baadaye, ili isionekane ni malipo ya rekodi wala ya skripti. Mpe wiki tatu kabla ya mwisho wa maombi, ukiambatisha orodha ya ulichofanya kwa idadi: washiriki 64, irabu 192, skripti moja, tasnifu. Profesa aliyepitisha wanafunzi wengi tangu uondoke hakumbuki namba hizo, na barua isiyo na namba huwa nyepesi. Mwombe pia mtu wa pili, yule aliyekuwa akikaa nawe ndani ya chumba cha kurekodia, awe fundi wa maabara au mtafiti mwandamizi. Mara nyingi huyo ndiye anayeweza kuandika kwamba ulizima marekebisho ya sauti ya kompyuta kabla ya kila rekodi, na kwamba ulipima umbali wa maikrofoni kutoka mdomoni kwa kila mgonjwa, bila kukadiria kwa macho.